Stephen Karanja

Stephen Kimotho Karanja (alifariki 29 Aprili 2021) alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi nchini Kenya, na mwenyekiti wa Chama cha Madaktari Wakatoliki Kenya. Alijulikana kwa msimamo wake wa kihafidhina kuhusu uzazi wa mpango, utoaji mimba na chanjo, na kwa kutoamini taarifa za serikali na za mashirika ya kimataifa juu ya afya ya umma. Katika suala la chanjo ya pepopunda mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walikuwa upande mmoja na madaktari wa chama chake. Katika suala la chanjo ya UVIKO-19 mwaka 2021 maaskofu walimpinga. Alifariki kwa UVIKO-19 wiki chache baada ya kuwahimiza Wakenya wasichanjwe.

Msimamo juu ya uzazi wa mpango na misaada

Kabla ya kuongoza chama cha madaktari Wakatoliki, Karanja aliwahi kuwa katibu wa Chama cha Madaktari Kenya. Katika miaka ya 1990 alianza kusikika nje ya nchi yake alipokosoa misaada ya afya iliyokuwa ikitolewa na nchi tajiri. Hoja yake ilikuwa kwamba zahanati za Kenya zilijaa vidonge vya kuzuia mimba na vitanzi, huku mgonjwa wa malaria akikosa dawa ya bei ndogo ambayo ingemponya. Kwa maoni yake, wafadhili walijali zaidi kupunguza idadi ya Waafrika kuliko kuwatibu.

Mtazamo huo ulikuwa na mizizi miwili. Wa kwanza ni mafundisho ya Kanisa Katoliki, ambalo katika waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, uitwao Humanae Vitae, lilikataa njia za kisasa za kuzuia mimba. Wa pili ni hali ya hospitali za umma za wakati ule, ambazo mara nyingi zilikosa dawa za msingi. Karanja aliunganisha mambo haya mawili, na tangu hapo kila mpango wa afya uliotoka nje aliuuliza swali moja: nani analipa, na anataka nini?

Mgogoro wa chanjo ya pepopunda

Pepopunda ya watoto wachanga husababishwa na vijidudu vinavyoingia kwenye kitovu, hasa kinapokatwa kwa kifaa kichafu. Mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga angali tumboni. Kwa sababu hiyo serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, iliendesha kampeni ya kuwachanja wanawake wa umri wa kuzaa, kuanzia miaka 14 hadi 49, katika maeneo yenye hatari kubwa.

Mwaka 2014 madaktari Wakatoliki, Karanja akiwa miongoni mwao, walihoji kampeni hiyo. Waliuliza kwa nini walengwe wanawake peke yao, kwa nini dozi zirudiwe mara nyingi, na kwa nini hospitali za Kanisa, zinazohudumia watu wengi nchini, hazikushirikishwa vya kutosha. Kisha walidai kwamba vichupa walivyopeleka maabara vilikutwa na homoni ya hCG, ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza akiwa mjamzito. Walisema homoni hiyo ikichanganywa na chanjo ya pepopunda, mwili huizoea kama adui na mimba hazikai. Maaskofu wa Kenya walitangaza hadharani wasiwasi huo.

Wizara ya Afya, WHO na UNICEF zilikanusha. Zilieleza kuwa chanjo hiyo imetumika kwa miaka mingi katika nchi nyingi, na kwamba wanawake ndio waliolengwa kwa sababu kinga ya mtoto mchanga hutoka kwa mama. Kuhusu majibu ya maabara, wataalamu walieleza kuwa mashine zilizotumika zilitengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu, si chanjo, na kwamba vitu vingine vilivyomo katika chanjo vinaweza kuleta majibu yasiyo sahihi. Pia ilihojiwa vichupa hivyo vilitoka wapi na nani alivitunza kabla ya kupimwa. Kamati ya pamoja ya serikali na Kanisa iliundwa kupima upya, lakini pande mbili hazikukubaliana juu ya maana ya majibu.

Shaka ya madaktari hao haikuzuka bila chanzo. Tangu miaka ya 1970 watafiti, wakiwemo wa nchini India na wengine waliosaidiwa na WHO, walifanya majaribio ya chanjo ya kuzuia mimba kwa kuiambatisha sehemu ya homoni ya hCG na sumu ya pepopunda iliyopunguzwa nguvu. Utafiti huo ulichapishwa wazi katika majarida ya kisayansi. Hata hivyo, kuwapo kwa utafiti huo si ushahidi kwamba chanjo ya majaribio iliingizwa katika vichupa vya kampeni ya Kenya, na jambo hilo halikuthibitishwa.

Mwaka 2017 Karanja alikuwa mmoja wa waandishi saba wa makala iliyorudia madai hayo katika jarida la mtandaoni, pamoja na daktari mwenzake Wahome Ngare na watafiti wa Amerika Kaskazini. Makala hiyo ilisambaa sana miongoni mwa wapinzani wa chanjo duniani, na imekosolewa kwa kutegemea vipimo vilevile vilivyokuwa na utata.

Mwaka 2015 maaskofu waliwataka waumini wasusie pia kampeni ya chanjo ya polio hadi ipimwe. Mwaka 2019, serikali ilipoanza kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, chama cha Karanja kiliwashauri wazazi wakatae.

UVIKO-19

Shehena ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19, zaidi ya dozi milioni 1 za AstraZeneca, iliwasili Nairobi usiku wa kuamkia 3 Machi 2021. Taarifa ya Karanja kwa niaba ya chama chake ilikuwa na tarehe hiyohiyo. Alisema chanjo hiyo haikuwa ya lazima, na kwa kuwa haikuwa ya lazima ilitiliwa shaka. Badala yake alipendekeza kujifukiza kwa mvuke na kutumia dawa zilizokuwapo tayari, kama haidroksiklorokwini na ivamektini.

Wakati huo haidroksiklorokwini ilikuwa imekwisha kuchunguzwa. Majaribio makubwa ya Uingereza na yale ya WHO ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa haikupunguza vifo vya wagonjwa waliolazwa. Tarehe 31 Machi 2021 WHO ilishauri ivamektini itumike katika majaribio ya kitabibu tu. Kujifukiza kunaweza kumpa mgonjwa nafuu ya mafua, lakini hakuna ushahidi kwamba kunaua virusi mwilini.

Safari hii maaskofu hawakwenda naye. Tarehe 21 Desemba 2020 Vatikani ilikuwa imetoa maelezo kwamba ni halali kimaadili kupokea chanjo za UVIKO-19, hata zile ambazo utafiti au utengenezaji wake ulitumia seli zenye asili ya mimba zilizotolewa zamani, pale ambapo hakuna nyingine. Iliongeza kuwa kuchanjwa kuwe kwa hiari. Maaskofu wa Kenya walifuata mafundisho hayo, wakasema chanjo ni halali na inakubalika.

Kifo

Machi na Aprili 2021 Kenya ilikuwa katika wimbi la tatu la maambukizi. Tangu 26 Machi Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amezuia watu kuingia na kutoka katika kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Karanja aliugua, akalazwa, akafariki Alhamisi ya 29 Aprili 2021. Vyombo vya habari vya Kenya na vya nje vilitangaza kifo chake vikikumbusha upinzani wake dhidi ya chanjo.

Mwitiko katika nchi jirani

Mabishano ya Kenya yalisikika upande wa pili wa mpaka, ambako wahusika walikuwa wamebadilishana nafasi. Nchini Kenya daktari alipinga taarifa za serikali. Nchini Tanzania serikali yenyewe ndiyo iliyotilia shaka taarifa za dunia. Takwimu zilikoma mwishoni mwa Aprili 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alitahadharisha juu ya chanjo za kigeni. Siku chache baadaye waziri wa afya Dorothy Gwajima, ambaye naye ni daktari, alisema wizara haikuwa na mpango wa kuzipokea, na akahimiza kujifukiza na tiba za asili. Mwezi huohuo wa Januari Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania ndilo lililowaonya waumini kwamba ugonjwa upo na wajikinge. Mwelekeo ulibadilika chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, aliyechanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021.

Tathmini

Wafuasi wa Karanja humkumbuka kama daktari aliyethubutu kuuliza maswali ambayo wengine waliyaogopa, na aliyetetea uhai kwa mujibu wa imani yake. Wakosoaji wake husema alitumia heshima ya taaluma na ya Kanisa kueneza madai yasiyothibitishwa, na kwamba wanawake walionyimwa chanjo ya pepopunda kwa hofu waliwaacha watoto wao bila kinga.

Baadhi ya maswali aliyouliza yalikuwa ya haki: upungufu wa dawa za malaria ulikuwa wa kweli, utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba ulikuwapo, na Aprili 2021 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikiri kwamba chanjo ya AstraZeneca huweza, kwa nadra sana, kusababisha damu kuganda. Lakini tatizo hilo liligunduliwa na kutangazwa na mifumo ileile rasmi ya ufuatiliaji ambayo yeye hakuiamini. Madai yake makubwa zaidi, kwamba kampeni ya pepopunda ilikuwa mpango wa siri wa kufunga vizazi, yalibaki bila ushahidi hadi kifo chake.