Mtoto wa Bendera Huonwa na Nani?

Bendera, wilayani Same, jua huwahi kuzama. Milima ya Upare imekaa upande wa magharibi, na kivuli chake kikishashuka bondeni, watoto wa chandimu wanajua hapo ni bao la mwisho.

Kwa mpenda soka wa rika langu, jina la kata hii humleta mtu. Joel Bendera, aliyepata kuwa mbunge wa Korogwe (majina yamegongana tu), alikuwa kwenye benchi la Taifa Stars pamoja na Mpolandi Slawomir Wolk. Mwaka 1979 timu ilikwenda Ndola, Peter Tino akaifunga Zambia, sare ya 1-1 ikatupeleka Lagos kwenye Fainali za Afrika za 1980. Kurudi kwenye fainali hizo kulituchukua miaka 39.

Watu hutaja sababu nyingi. Mimi huanzia shuleni, kwa kuwa ngazi pekee ya soka iliyowahi kushuka mpaka Bendera ni ya shule: Umitashumta kwa msingi, Umisseta kwa sekondari. Mtoto huchaguliwa shuleni, akaingia timu ya kata, akaenda Same mjini kwa mchujo wa wilaya, kisha Moshi kwa mkoa, na akijaliwa, taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikaisimamisha michezo hiyo, eti inakula muda wa masomo. Iliporudi, rika zima lilikuwa limepita bila kuonwa. Dar es Salaam walau kulikuwa na Makongo ya Kanali Iddi Kipingu, shule iliyojaza vijana kwenye timu za ligi. Bondeni huku hapakuwa na Makongo.

Desemba 2004 shirikisho la soka lilipata rais mpya, Leodegar Tenga, nahodha wa kikosi kile kile cha Lagos. FAT ikawa TFF. Kabla hajakaa vizuri kitini, aibu ikabisha hodi: Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, waliokwisha kufuzu Fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za 2005 Gambia, wakaenguliwa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Nafasi ikaenda Zimbabwe. Hatukuwa na mfumo wa kumfuata mtoto tangu akiwa mdogo. Tulikuwa na karatasi. Na vijijini, cheti cha kuzaliwa mara nyingi hutafutwa siku kinapohitajika, mtoto keshaota ndevu.

Hapo ndipo klabu zilipoanza kuonekana kama mshirika. Azam, iliyoanzishwa 2004 na kupanda Ligi Kuu 2008, ilijenga uwanja wake Chamazi na kulea vijana humo humo. Farid Mussa alitoka pale kwenda Tenerife ya Hispania. Mwaka 2015 ukafunguliwa Kidongo Chekundu uwanja wa vijana uliopewa jina la Rais Kikwete, kazi ya kampuni ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza.  Mwaka huo huo wa 2015, TFF ilikusanya watoto wa chini ya miaka 13 Mwanza, na waliochaguliwa wakawekwa shule za Alliance, wasome huku wakifundishwa mpira. Kwangu mimi huo ndio ushirikiano uliokuwa na akili kuliko yote: shirikisho linachagua, shule inalea, na klabu ya Alliance ipo jirani, ikapanda Ligi Kuu 2018.

Mavuno? Mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda Gabon kwenye fainali hizo za vijana, na safari hii suala la umri lilitubeba: Congo-Brazzaville, iliyotutoa uwanjani, iliondolewa baada ya kushindwa kumpeleka mchezaji wake kwenye kipimo cha mifupa ya mkono. Vijana wa Bakari Shime walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakalala 1-0 kwa Niger, na bao hilo moja likawanyima Kombe la Dunia. Miaka miwili baadaye tukawa wenyeji wa fainali hizo Dar es Salaam, tukapoteza mechi zote tatu, ingawa kina Kelvin John, aliyekwenda Genk baadaye, waliipiga Nigeria mabao manne na bado wakafungwa matano.

Kisha Aprili 2023, Durban, wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma wakatwaa ubingwa wa Afrika wa shule na zawadi ya dola 300,000. Ni shule iliyoleta kombe hilo nyumbani.

Chamazi, Kidongo Chekundu, Mwanza, Dodoma: kote huko ni mbali na Bendera. Kutoka Bendera hadi Same mjini, kupitia Kihurio, Ndungu, Maore na Kisiwani, ni safari ya kutwa kwa timu ya watoto iliyochangiwa nauli na wazazi. Anayewapeleka ni mwalimu wa michezo, ambaye pia anafundisha hisabati, na ndiye skauti pekee wanayemjua.