Mteremko una uzito gani?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, barabara kuu iitwayo Richmond Parkway ilipangwa kupita kwenye vilima vya Staten Island, New York. Hesabu za barabara wakati huo zilikuwa za fedha na muda wa safari. Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akaona mengi yameachwa nje. Akachora ramani kwenye karatasi angavu, kila moja na jambo lake: mmomonyoko, misitu, wanyamapori, majengo ya kale. Penye thamani au hatari kubwa alikoza rangi. Alipozipanga moja juu ya nyingine, palipobaki peupe ndipo palipofaa kupitishwa barabara.

Kitabu chake, Design with Nature, kilitoka 1969 na wapanga mipango wakaiga. Ila karatasi zote zilikuwa na kauli sawa. Mandhari nzuri iliikoza ramani sawasawa na udongo unaoporomoka.

Dawa ilitoka kwenye mazungumzo ya silaha. Thomas Saaty, mwanahisabati mzaliwa wa Mosul, Iraq, alifanya kazi katika idara ya Marekani ya kudhibiti silaha miaka ya 1960, akaona wasomi wakubwa wakishindwa kuwapa wajumbe ushauri unaoeleweka. Njia aliyobuni miaka ya 1970, na kuitumia mapema katika mpango wa usafiri wa Sudan, ni nyepesi kushangaza: usiulize mambo kumi kwa pamoja, uliza mawili mawili. Lipi lina uzito zaidi, na kwa kiasi gani, kuanzia 1 mpaka 9?

Tuchukue mmomonyoko. Mtaalamu anasema mteremko unaushinda udongo mara 3 na uoto mara 5. Udongo unaushinda uoto mara 2. Hesabu inatoa uzito wa takriban 65, 23 na 12 kwa mia. Akijikanganya, kipimo cha mkanganyiko wa majibu kikazidi 0.10, anarudishwa kufikiri upya. Kwangu hapo ndipo penye utamu: ni hesabu inayomuumbua mtaalamu.

Kompyuta ikazika karatasi angavu. Miaka ya 1990 njia ya Saaty iliingizwa katika IDRISI, programu ya ramani ya Chuo Kikuu cha Clark, Marekani. Jina ni la al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12 aliyeitaja Malindi.

Wengine hawakungoja kuulizana. Mfumo wa DRASTIC wa 1987, wa kupima urahisi wa maji ya ardhini kuchafuka, ulikuja na uzito wake tayari: kina cha maji 5, mteremko 1. Mteremko uleule uliotawala mmomonyoko, hapa unashika mkia.

Basi swali ni nani aliyeulizwa. Tuseme kuna shamba la migomba mlimani: kwa hatari ya 1 mpaka 10, mteremko umepata 9, udongo 5, uoto 2 kwa kuwa ardhi imefunikwa vizuri. Kwa uzito wa mtaalamu wetu, jumla ni 7.24, ramani inapakwa nyekundu. Muulize mwenye shamba, aliyeona migomba ikishika udongo masika baada ya masika, naye aupe uoto 65 na mteremko 12. Jumla inashuka hadi 3.53, na shamba linageuka kijani.