Kamera ya Dola Moja na Kodi ya Nyumba: Matangazo ya Kodak Yakitazamwa Kutoka Songea, 1888–1907

Mwaka 1888, George Eastman aliingiza sokoni kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100. Tangazo lake liliahidi kwamba mnunuzi angebonyeza kitufe tu, na kazi iliyosalia ingefanywa na kampuni. Mwaka 1900 ilifuata Brownie ya dola 1, iliyotangazwa kuwa hata mtoto angeweza kuitumia.

Ahadi hiyo ya picha kwa wote hupimika vyema ikitazamwa kutoka Songea. Tangu mwaka 1898, serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka vijijini. Rupia 3 zilikuwa sawa na mark 4 za Kijerumani, yaani karibu dola 1. Hivyo, bei iliyosifiwa Marekani kuwa nafuu hata kwa mtoto ililingana na kodi ya mwaka mzima ya kaya ya Kingoni. Kodi hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyotangulia Vita vya Maji Maji (1905–1907).

Kwa hiyo, unafuu uliotangazwa haukumhusu Mngoni. Picha za enzi hiyo, zikiwamo za wafungwa waliofungwa minyororo, zilitokana na uamuzi wa aliyeshika kamera, si wa aliyesimamishwa mbele yake. Mtafiti wa habari za mashujaa walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 hana budi kuzisoma picha hizo sambamba na masimulizi ya wazee.