Baridi yabisi (Busia na Tororo)

Baridi yabisi ni ugonjwa wa kudumu ambao kinga ya mwili hushambulia utando laini unaozunguka viungo kwa ndani. Utando huo huvimba na, usipotibiwa, hula gegedu na mfupa hadi vidole vipinde. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Katika Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, na katika wilaya jirani ya Tororo, ugonjwa huu ni rahisi kupotea katikati ya maradhi mengine yanayoumiza viungo.

Jina

Mtaani, "baridi yabisi" hutajwa kwa karibu kila maumivu ya mifupa, na lawama huangukia hewa ya baridi. Kitabibu ni ugonjwa mmoja tu, na baridi si chanzo chake. Si jongo, linaloletwa na fuwele za asidi ya yuriki, wala si uchakavu wa viungo wa uzeeni.

Utambuzi

Tororo ina malaria nyingi, nayo huleta homa na maumivu ya mwili. Bruselosi na selimundu nazo huumiza viungo: ya kwanza hutoka kwa mifugo na maziwa yasiyochemshwa, ya pili hurithiwa. Zipo pia homa za virusi: o'nyong'nyong iligunduliwa Uganda mwaka 1959, na jina lake la Kiacholi lataja kulegea kwa viungo.

Kinachotofautisha baridi yabisi ni mpangilio na muda. Huanzia viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono, kulia na kushoto. Asubuhi mikono hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Na hali hiyo hupita wiki 6. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 huhesabu viungo vilivyoathirika, vipimo vya damu, dalili za uvimbe na muda. Alama 6 kati ya 10 hutosha. Kipimo kimoja cha damu hakikati shauri: kingamwili iitwayo "faktari ya rumatoidi" huonekana pia kwa baadhi ya wenye kifua kikuu au homa ya ini, na wagonjwa wengine wa baridi yabisi hawana kabisa.

Tiba

Diklofenaki hutuliza maumivu, na prednisoloni hupunguza uvimbe upesi. Lakini diklofenaki haiuzuii ugonjwa kula viungo, na prednisoloni ya muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Dawa ya msingi ni methotreksati, inayomezwa mara moja tu kwa wiki pamoja na asidi ya foliki. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Damu na ini hupimwa kabla na wakati wa matibabu. Nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa. Haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini iliyotibu malaria zamani, huongezwa au hutumika peke yake ugonjwa ukiwa mwepesi, na macho hukaguliwa.

Njia ya rufaa

Upande wa Uganda, mgonjwa hutoka kituo cha afya hadi Hospitali Kuu ya Tororo, kisha Mbale au Mulago, Kampala. Upande wa Kenya, hutoka Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia kwenda Eldoret au Nairobi. Anayetibiwa pande zote mbili hubeba daftari lake: ndani yake huwa vipimo, kipimo cha dawa, na siku ya wiki ya kumeza methotreksati.