Shi Qian na Hukumu ya Jin Shengtan

Katika riwaya ya Kichina Shuihu zhuan, mwizi Shi Qian ni wa 107 miongoni mwa waasi 108 wa Liangshan. Alipoiba jogoo, kiongozi Chao Gai aliona fedheha hata akaamuru wenzake wawili wakatwe vichwa. Song Jiang akawaombea. Hata hivyo, ni deraya ya Xu Ning, iliyoibwa na Shi Qian huyo huyo, iliyowawezesha waasi kuwashinda wapandafarasi wa Huyan Zhuo. Mnamo 1641 mhakiki Jin Shengtan alimweka Shi Qian daraja la chini kabisa, pamoja na Song Jiang. Hukumu hiyo ilidhamiriwa kumshusha mkuu. Aidha, bila kukusudia, inadhihirisha kwamba heshima ya Liangshan ilisimama juu ya wizi iliouonea haya.