Usimamizi wa mirathi

Usimamizi wa mirathi ni utaratibu wa kisheria wa kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kuwagawia warithi kinachobaki. Tanzania Bara, mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Baada ya familia kupata cheti cha kifo, ukoo hukaa kikao na kupendekeza msimamizi, na muhtasari wa kikao huambatanishwa na maombi. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Anayeteuliwa hupewa Fomu Namba 4, yaani barua ya usimamizi wa mirathi. Dhuluma nyingi huanzia hapa, kwa kuwa ndugu wengi huichukulia barua hiyo kama hati ya umiliki. Msimamizi, awe kaka wa marehemu au mtoto wake mkubwa, hushika mali kwa niaba ya warithi wote, na mjane au yatima anayenyimwa haki yake anaweza kuiomba mahakama imwondoe. Msimamizi hutakiwa pia kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama imemwongezea muda.

Zanzibar, mirathi ya Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi.