Vugiri: Picha Zilizopigwa Bila Sauti

Vugiri, milimani juu ya Korogwe, palikuwa na studio ya filamu kati ya 1935 na 1937. Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, walitengeneza hapo filamu fupi 35 za kuelimisha Waafrika. Waigizaji walikuwa Waafrika; mambo ya kusema yalipangwa na Wazungu, na hilo tusilifiche.

Ulaya na Marekani zilikuwa zimeshahamia filamu za sauti. Lakini huko Vugiri walipiga picha bubu kwenye mkanda wa milimita 16, kisha maneno wakayatia kwenye sahani za santuri, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha. Lori lenye projekta lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kati ya filamu hizo, tamthilia ndizo zilizokuwa na uhai zaidi. Katika moja, mtu anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazifukua. Mwenzake ameweka zake benki ya posta. Nyingine, *Gumu*, inamfuata kijana wa shamba anayeharibikiwa mjini.

Filamu zinazojulikana kubaki ni tatu tu, zimehifadhiwa Uingereza, na zote ni za mafunzo: mifugo, safura, kilimo huko Kingolwira. Tamthilia hazimo.

Kwa hiyo mkebe wowote wa zamani wa filamu, Korogwe au Handeni, una thamani. Ukinuka siki, mkanda umeanza kuoza: uweke mahali pakavu penye ubaridi, usiupitishe kwenye projekta. Santuri zilizo karibu nao zisitenganishwe nao. Huenda ndizo sauti yake.